Kambi Haikusubiri Eda

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu, Shamshad, si wa kaka yako," Soud alikuwa akisema nilipoingia uani na bakuli la uji. "Nani kakuita?"

"Ukuta umeniita," Shamshad akamjibu. "Unapiga kelele mpaka chai yangu imepoa, halafu unataka nisisikie?"

Nyumba hiyo ya katikati ni ya Tabia. Kushoto anakaa Soud, shemeji yake, na kulia Shamshad na mumewe Moiz wa duka la vitambaa. Mimi nakaa mkabala. Siku hizo uji nilikuwa naupeleka mwenyewe, maana Shaib, mume wa Tabia, alikuwa amezikwa juzijuzi tu na Tabia kaingia eda. Hapa Chumbageni mwenye eda hatoki nje, na mwanamume asiye maharimu yake hamwoni.

Walichokuwa wakigombania ni safari ya binti yake, Thuwaiba. Nchi ilikuwa inaunda kwa mara ya kwanza timu ya taifa ya wanawake ya futsal, ule mpira wa watano watano wa ukumbini, wenyewe mzito, haudundi. Thuwaiba kajifunzia kwenye sakafu ya ghala tupu la Moiz, akiupiga ukutani mpaka sisi majirani tukawa tunajua saa za swala kwa yeye kunyamaza. Makocha wa timu wakamwona, wakamwita kambini Dar es Salaam. Shaib alipata habari hiyo akiwa wodini, akamwambia kila nesi aliyepita. Kisha akafa.

"Kaburi la baba yake halijakauka," Soud alisema, "yeye akakimbizane mbele ya watu na kaptura?"

"Wanavaa suruali ndani na mitandio, picha nimeziona. Na binti yangu Alefiya atalala hapa na Tabia mpaka mwenzake arudi. Bado nini?"

"Mke wa ndugu yangu hakai eda kwa hisani ya jirani. Watu wetu kule Pemba watasema Soud kashindwa."

"Basi njoo ulale wewe."

Niliuma ulimi. Shemeji alale kwa mwenye eda! Hata Soud midomo ilimcheza, na kwa kuwa ilimcheza akazidi kukasirika.

Tabia akaniita kutoka nyuma ya pazia, sauti ya chini, kwa kuwa mwenye eda habishani na shemeji yake. "Mama Sadalla, mwambie shemeji mtoto aende. Baba yake aliridhia."

Soud alikuwa kasikia kila neno. Hata hivyo alingoja nimfikishie, ndiyo adabu. Kisha akajibu akinitazama mimi.

"Mwambie sawa, aende. Ila siku atakayotoka, mguu wangu haukanyagi tena hapa. Arobaini ya Shaib wataisoma majirani."

Hata Shamshad akashusha mikono. Soud ndiye damu pekee waliyokuwa nayo Tabia na mwanawe mji huu mzima.

Muda wote huo Thuwaiba alikuwa kachuchumaa bombani anaosha vyombo. Hakuna aliyemwuliza. Alisuuza sufuria, akaliinamisha juu ya kichanja, akaingia ndani.

Alasiri nilirudi kuchukua bakuli langu. Thuwaiba alikuwa jikoni anaongea na simu, kanipa mgongo.

"Kocha, shikamoo. Nimeumia kifundo... Kimevimba... Hapana, kocha, wiki hii hakiponi. Tafuteni mwingine badala yangu."

Alipogeuka akaniona. Akabeba ndoo ya maji ya mama yake, imejaa, akapita mbele yangu kwa miguu miwili mizima.

"Umesikia, mama?"

"Sijasikia kitu."

Nilimwambia Shamshad tu. Shamshad akamwambia Moiz tu. Kufikia Ijumaa, hata ndugu zake Moiz wa Kigombe walikuwa wanaleta pole ya kifundo, na wengine wanacheka.

Soud aliendelea kuja. Alileta samaki, changu wakubwa, akawaweka kizingitini na kuondoka kabla ya kuitikiwa hodi. Arobaini aliisimamia yeye, ikasomwa vizuri. Tabia hakumwuliza mwanawe chochote. Niliwasikia mara nyingi wakiongea, na maneno yalikuwa chumvi, mkaa, dawa ya mbu. Kule ghalani kukawa kimya mchana kutwa.

Timu ilipocheza mechi yake ya kwanza, Shamshad alifungua sebule. Mimi hupenda nyumba ijae. Mtaa mzima uliingia, watoto wakakaa hadi chini ya meza, pilau likapakuliwa kwenye masinia. Lakini tulikula kama matangani. Hatukujua Thuwaiba angevaa namba gani, kwa hiyo kila msichana wetu aliyepata mpira tulimtazama miguu. Mmoja aliukanyaga kwa unyayo autulize, ukamteleza, wageni wakafunga. Walikuwa wameshafunga kabla ya hapo.

"Yule wetu asingeupoteza ule," Moiz alisema kwa sauti yake ya dukani.

"Baba, dirisha liko wazi," Alefiya akamwambia.

Tukasikia hodi. Thuwaiba alisimama mlangoni kashika fremu, macho kwenye zulia.

"Shikamooni. Mama anaomba mpunguze sauti."

Miaka yote ya ujirani, Tabia hajawahi kulalamikia televisheni ya mtu. Moiz akaizima sauti kabisa. Wasichana wakabaki wanakimbia kimyakimya nyuma ya vichwa vyetu, na Thuwaiba hakuinua macho.

"Mama yako kala?" Shamshad aliuliza.

"Kala."

"Na wewe?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Tukasogeleana kwenye mkeka, nafasi ikapatikana, upande ambao mtu akikaa anaipa televisheni mgongo. Shamshad akavuta sinia mpaka hapo, akaifukia nyama katikati ya wali isipoe.

"Vua kandambili, mwanangu," alisema. "Njoo ule."