Mkono wa Nani Kwenye Dramu

Wimbo wa bendi yao ulipopanda hadi nafasi ya pili kwenye chati za Uingereza, mji wa Oldham ulimwona Clive Ogden mtu mwingine. Muuza nyama alimwongezea soseji, na mabinti wa kiwanda cha pamba, waliozoea kumpita kama nguzo ya taa, sasa walimwita kwa jina. Clive, mpiga dramu wa bendi hiyo, alitabasamu kwa kila mtu, lakini roho yake haikutulia.

Ilianza jikoni kwa mama yake, Edna. Wimbo wao ulikuwa ukipigwa redioni, na kabla tu ya kiitikio, toazi la dramu lililia mara mbili upesi upesi. Clive aliacha uma hewani.

"Hapo mimi sipigi."

"Kula, maharage yanapoa," alisema Edna, akampa mgongo.

Tangu hapo kila jambo lilimnukia vibaya. Alikumbuka siku ya kurekodi London, prodyuza alivyomshika bega na kumwambia akatafute chakula, wao wanarekebisha sauti tu. Aliporudi alikuta kiti chake cha dramu kimeshushwa. Alidhani ni mfagiaji.

Alimuuliza Desmond, mwimbaji wao. Desmond alicheka.

"Wewe bwana, nchi nzima inakuimba, wewe unalilia toazi?"

Kicheko kilikuwa kirefu kuliko utani wenyewe.

Siku ya kwenda Blackpool kwenye onyesho, walipokuwa wakipakia vyombo garini mbele ya nyumba ya kina Clive, alimbana Norman, mpiga besi, mtu asiyejua kudanganya.

"Norman, nani alikaa kwenye kiti changu?"

Norman alikunja waya, akaukunjua, akaukunja tena. "Usiniulize, ndugu yangu."

"Nimeshauliza."

"Jamaa mmoja wa kukodi. Mtu mzima, kavaa tai. Alipiga mara moja tu, akaenda zake. Prodyuza alisema ukijua utavunjika moyo, nasi tukanyamaza."

Clive hakugombana. Aliingia ndani kuchukua koti, akamkuta mama yake amesimama nyuma ya pazia.

"Mama, ulijua?"

"Nimekusikiliza tangu ukigonga sufuria zangu. Siku ya kwanza tu nilijua si mkono wako." Alimfuta vumbi begani ambalo halikuwepo. "Nikadhani wewe ndiye unayenificha mimi. Nikawa nakutazama tu."

Wiki zote hizo walikuwa wakichunguzana mezani, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Huko Blackpool Clive alipiga wimbo ule kama alivyoujua yeye, bila yale mapigo mawili ya toazi. Ukumbi ulipiga mayowe vilevile. Hakuna aliyeona kuna kilichopungua. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Waliposhuka jukwaani aliwaambia, "Tukirekodi tena, sitoki studioni. Hata moto ukiwaka."

"Sawa kabisa," Desmond alijibu, haraka mno, na Clive akamtazama Norman kuona kama naye ameitikia.

Norman alikuwa ameinama, akifunga kamba za viatu zilizokuwa zimeshafungwa.