Nguruwe Hana Kosa

Mafua yale yalipoingia jiji la Meksiko, Refugio aliyachukia kwa sababu ya jina tu. Yeye alikuwa mpika nyama ya nguruwe, mtoto wa mpika nyama ya nguruwe, na sufuria lake la shaba lilijulikana wilaya nzima ya Iztapalapa. Redio iliposema "mafua ya nguruwe", wateja walipotea kana kwamba ardhi imewameza. Nyama ilichemka katika mafuta yake mpaka ikawa rangi ya dhahabu, na wa kuila hakuna.

"Mnamsingizia mnyama wa watu," aliwaambia wapita njia. "Nguruwe hana kosa. Nyama iliyoiva haina mafua."

Na hapo alisema kweli. Hata daktari wa zahanati ya mtaa alisema hivyohivyo, ila daktari hakuishia hapo: ugonjwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mkono uliofuta pua kisha ukashika kitasa. Sehemu hiyo ya pili Refugio hakuisikia, maana alichokitaka alishakipata. Barakoa ya buluu aliyogawiwa na askari aliining'iniza kidevuni kama kitambaa cha udenda cha mtoto. Yeyote aliyethubutu kuonja kipande alikumbatiwa na kubusiwa shavuni, tena kwa nguvu, ili ajue hakuna cha kuogopa.

"Don Refugio, wamesema tusibusiane," alimwonya muuza maua wa jirani.

"Hao hao waliosema nguruwe ni mbaya? Lete shavu hapa."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya Yareli, bintiye wa pekee, kutimiza miaka kumi na mitano, siku ambayo kwao binti huingia utu uzima. Kumbi zilifungwa kwa amri, makanisa pia, kwa hiyo sherehe ingefanyika uani kwao, na wageni wachache. Refugio alikubali kupunguziwa kila kitu isipokuwa viatu. Baba humketisha binti kitini, humpigia magoti mbele za watu, humvua viatu vya kitoto na kumvika mchuchumio wake wa kwanza. Alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu Yareli anatambaa. Yareli naye alishatangaza kwamba mchuchumio hauvai mpaka baba yake amvike.

Alhamisi mifupa ilianza kumuuma Refugio. Akasema ni uchovu. Koo likawasha, akasema ni moshi. Ijumaa asubuhi homa ilimtetemesha mpaka mwiko ukamponyoka, kikohozi kikambana, na visingizio vikamwishia. Mkewe, Obdulia, alimburuta hadi zahanati.

"Ndiyo yenyewe," daktari alisema, akimpa dawa. "Una nguvu, utapona. Nyumbani unaishi na nani?"

"Mke, binti, na mama mkwe. Mama mkwe ana pumu."

"Basi huyo usimkaribie kabisa. Akiyapata, yanaweza kumuua. Kaa chumba cha peke yako, kikombe chako mwenyewe, dirisha wazi, mikono kwa sabuni, mpaka upone kabisa."

"Na nguruwe, daktari?"

"Nguruwe hana kosa. Mwenye kosa ni wewe na mabusu yako."

Akahamia kijumba cha juu ya paa, pale wanapoanika nguo. Jumamosi alikaa ukingoni akiangalia sherehe ya mwanawe ikianza bila yeye, na roho ilimuuma kweli. Chini walikuwa wakisalimiana kwa viwiko na kuchekana. Mpiga tarumbeta, kwa kuwa huwezi kupuliza na barakoa mdomoni, alifukuziwa getini akapige kutoka huko. Yareli aliketi kitini na gauni lake la waridi, miguu mbele.

Mama mkwe, bibi Eufrosina, akashindwa kuvumilia.

"Wewe Refugio, shuka. Nimezaa watoto tisa bila daktari, mafua yataniweza wapi? Funika hilo domo, mvike mtoto viatu, urudi juu."

Watu wote wakatazama juu. Homa ilikuwa imepungua, na Refugio alijiona karibu mzima. Akashuka ngazi mbili, tatu. Ndipo akamwona bibi amejishika kifua, anavuta pumzi kwa taabu, na kisa ni maneno yale machache tu. Refugio akasimama.

"Mama, siji."

"Mkaidi wewe."

"Ukaidi ndio ulionileta huku juu. Mtaa mzima nimeubusu, mama. Wewe sikuongezi."

"Basi tuahirishe, baba," Yareli alisema. "Nilisema sivai mpaka univike."

"Na nitakuvika. Toa mguu."

Akarudi ukingoni, akapiga magoti juu ya saruji iliyochomwa na jua, akanyoosha mikono hewani. Yareli alimtazama, kisha akaanza kucheka, akanyoosha mguu.

"Siyo huo. Wa kushoto ndio mkubwa, tuanze na huo. Vua. Polepole, una haraka ya nani?"

Mikono ya baba ilikwenda kule juu, ya binti ikaifuata kule chini. Yareli akavua, akachomeka mguu, akafunga kamba. Obdulia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Kaza kidogo. Hivyo. Lete wa pili."

Wa pili nao ukaingia.

"Simama, mwanangu."

Yareli akasimama, akayumba. Mikono ikanyooshwa kutoka kila upande, kisha watu wakakumbuka, wakairudisha. Akajisawazisha peke yake.

"Baba, vinanibana."

"Ndivyo vilivyo. Cheza."

Tarumbeta ikalia getini. Refugio hakuinuka, magoti yalimuuma na machozi yalimtoka, na hakujali nani anaona. Kule chini bintiye alikuwa anazunguka, mrefu kuliko jana, na aliyemvika ni yeye.