Njia Aliyoipigania Lucille

Kwa miaka kumi na mmoja Lucille Pettiford aligonga milango ya mtaa wao, mjini Durham, akikusanya saini. Mumewe alikuwa amegongwa na lori akafa, akienda kazini kwa baiskeli, kwenye barabara isiyo na pa kupita mtu wa miguu wala wa baiskeli. Mjini kulikuwa na njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, yenye miti kandokando, lakini ilikuwa ikiishia mitaa ya wenye nacho, naye alitaka ifike na kwao.

Hatimaye ilirefushwa. Lakini kabla lami haijamaliza kumwagwa, mwenye nyumba aliyopanga Lucille aliiuza, maana watu walikuwa wakigombania kila kibanda kilichopakana na njia. Lucille akahamia kwa binti yake, nje kabisa ya mji.

Siku ya uzinduzi aliitwa akate utepe. Alipokuwa akisubiri, kijana mmoja mwenye baiskeli alimsalimia kwa adabu.

"Mama, unakaa huku?"

"Nilikuwa nikikaa. Nyumba ile ya bluu."

Kijana akachangamka. "Kumbe! Ndiyo tuliyonunua sisi. Tuliipendea njia hii."

"Hata mimi niliipenda," Lucille akasema, "kabla haijajengwa."

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Lucille alikata utepe, watu wakapiga makofi, baiskeli zikampita huku na huku.

Jioni binti yake alimuuliza sherehe ilikuwaje. Alijibu kwamba njia ni nzuri sana, na kwamba hatakwenda tena.