Simfonia ya L. Pardee

Furushi kutoka Boston liliingia kwa mlango wa jikoni, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa wa wagonjwa wa meno. Ilikuwa Jumatatu, siku ya kufua. Honora Tierney, mfuaji, alilipokea kwa mikono yenye povu akalipeleka sebuleni kwa Bibi Leota Pardee.

Ndani mlikuwa na simfonia. Leota alikuwa ameitunga kwa miaka miwili, na mwaka wa pili aliitunga huku mguu mmoja ukisukuma kitanda cha kubembea cha bintiye, Tabitha. Sasa ilikuwa imepigwa chapa, na juu yake pameandikwa: L. Pardee. Barua ya mchapishaji ilieleza kwamba jina la mwanamke huuza nyimbo za maua tu. Kwa simfonia, herufi moja inatosha.

Leota aliketi kwenye piano, akafungua ukurasa wa kwanza, akapiga. Hakusikia kitu. Vidole vilibonyeza, nyuzi zilitikisika, Tabitha aligeuza kichwa kusikiliza, lakini mama yake hakupata hata nota moja. Alipiga wimbo wa kanisani akausikia wote. Akarudi kwenye simfonia. Kimya.

"Huwapata sana wanawake wanaotunga," daktari wa familia alisema, akimchungulia sikio. "Nina mwingine ng'ambo ya mto, naye hivyo hivyo. Mafuta ya samaki, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Na usisomesome."

Leota alimaliza chupa mbili. Kisha siku moja alichukua kalamu, akaandika "Leota" juu ya ile herufi, akapiga. Vipimo vinne vya muziki vilisikika vizuri kabisa, hata pale alipokosea. Halafu wino ukakauka, na kimya kikarudi. Akaandika tena, safari hii vikasikika viwili.

Basi akajua dawa ni jina lake, ila wino hautoshi. Jumamosi, wakila maharage yaliyookwa, alimwambia mumewe:

"Lucius, siku simfonia itakapopigwa kule Worcester, kiongozi wa okestra atamke jina langu. Lote. Mara moja tu, kabla hawajaanza. Nataka kuisikia."

Lucius alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, asiyejua kutofautisha fidla na filimbi ila kwa macho.

"Hilo nalo la kuniomba, mke wangu? Niachie mimi."

Tiketi mbili zilikuja kwa jina la Bwana L. Pardee na mkewe. Ukumbini mzee mmoja wa kamati alimpachika Lucius ua kwenye koti, akamketisha mbele. Leota akaketishwa kando yake, akashika mkoba kwa mikono miwili. Kiongozi wa okestra aligeuka, akatabasamu.

"Mabibi na mabwana, mtunzi, Bwana Pardee, yuko nasi alasiri hii."

Wapigaji themanini walianza. Leota alisikia watu wakikohoa. Alisikia kurasa zikifunuliwa, na kiatu cha mpiga ngoma kikilia kwenye ubao. Alijua wamefika wapi kwa kutazama mikono ya watu wa fidla. Katika sehemu ya pili, ile ya kubembeleza, mama mmoja wa kiti cha nyuma alianza kulia, na Leota alimsikia akipenga kamasi. Muziki wenyewe ulipita mbele yake kama watu nyuma ya kioo.

Makofi aliyasikia yote. Lucius aliinuka nusu, akamtazama mkewe, akainuka kabisa, akainama.

"Uliniahidi," Leota alisema kwenye tramu.

"Haki ya Mungu nilimwendea yule kiongozi. Sijafungua kinywa, kashanishika mkono, hongera Bwana Pardee, hongera. Ningefanyaje? Nimwaibishe mzee wa watu?"

"Ungesema, si mimi."

"Maneno mawili hayo, Leota, ni mepesi ukiwa hapa kwenye tramu."

Mwanamke mwenye kikapu aliwapisha wakae karibu karibu.

Gazeti lilimsifu daktari anayeponya kinywa na kufurahisha sikio. Wagonjwa wakaanza kuja na nakala za simfonia, wengine bila jino bovu hata moja. Lucius alizitia sahihi. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Jumatatu iliyofuata Leota alikuwa akikunja nepi sebuleni aliposikia sehemu ya pili ya simfonia yake ikitoka jikoni. Alimbeba Tabitha, akaenda akasimama mlangoni. Honora alikuwa ameinamia ubao wa kufulia, akiuimba bila maneno.

"He, Bibi! Mbona umesimama kama umeleta habari ya msiba?"

"Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Si wako huo? Mimi huku nasugua, wewe huko unaugonga, unaugonga, mwaka mzima. Ungemwingia hata mbuzi."

"Umeiona karatasi yake?"

"Karatasi ya nini tena? Mimi na kusoma hatujawahi kuamkiana. Najua ni wimbo wa Bibi Pardee wa kumlaza mtoto, basi."

Akaendelea. Kwenye kipimo cha saba alipanda mno, na Leota hakumsahihisha. Sehemu nyingine Honora hakuzijua. Ya kwanza ilitungwa kabla hajaanza kazi hapo, na ya mwisho ilitungwa wakati maradhi ya kifua yalipomlaza kwao majira yote ya baridi. Leota alikaa kwenye kisanduku cha makaa, mtoto magotini, akasikiliza hiyo moja mpaka ikaisha.

"Rudia, Honora."

"Nimemaliza, Bibi. Shuka la mwisho hili, tazama, jeupe kama maziwa."

Upande wa mbele mgonjwa aliomba sahihi. Lucius alicheka kwa unyenyekevu, na droo ya kalamu ikafunguliwa.

"Rudia tu."

Honora alimtazama, akamtazama na mtoto. Kisha akalitumbukiza shuka lile safi ndani ya maji, akapaka sabuni, akaanza kulifua upya.