Gari Lililokataa Kuzimika

Mkunga alizima gari, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Gari likaendelea. Kho, kho, kho! Likatetemeka kama mgonjwa wa homa, boneti ikigongagonga, mpaka likashusha pumzi moja ya moshi na kunyamaza.

"Umeona, shemeji? Jana nimeliegesha nje ya wodi. Mama mmoja yuko kwenye uchungu, akaniuliza, 'Nesi, na hilo nalo linajifungua?'"

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Plagi, alicheka hadi akakaa juu ya tairi.

"Wewe umezoea wasiotaka kutoka. Mimi umeniletea asiyetaka kulala."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tatu gereji kwake. Plagi alikuwa ameshabadilisha plagi zote, na ameshapunguza mngurumo wa gari likiwa limesimama, maana injini ilikuwa inazunguka kasi mno. Wapi!

"Ufunguo unakata umeme tu," alieleza. "Lakini ndani kuna masizi yenye moto kama makaa. Mafuta yakiendelea kuvutwa, yanajiwasha yenyewe."

"Basi tuyafunge hayo mafuta."

Plagi alinyanyuka ghafla. "Sema tena!"

"Nimesema tuyafunge."

"Mjinga mimi! Kuna kivali cha kufunga!" Akamwonyesha, ubavuni mwa kabureta, kidude kama kidole gumba chenye waya mmoja. Umeme ukifika kinafungua njia ya mafuta, ukikatika kinafunga. "Ufunguo ukiwashwa, kinatakiwa kulia tak. Ila kwa kelele hizi nani atasikia?" Jirani alikuwa anasaga vyuma, cheche zikiruka.

Mkunga alichomoa kwenye mkoba kipimo chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, akakibandika kwenye kivali, akafumba macho.

"Washa. Zima. Washa tena." Akatikisa kichwa. "Hakuna kitu."

Plagi akagusa waya kwa taa ya kupimia, ikawaka. Umeme ulikuwa unafika.

"Basi kimekufa," mkunga akasema.

"Kimekufa, ndiyo. Lakini kikifa kinafunga, shemeji! Ungeondoa mguu kwenye pedali ya mafuta tu, gari lingezima. Hili mafuta linayapata wapi?"

Wakatazamana. Mkunga alihisi moyo unamdunda kama siku yake ya kwanza ya kuzalisha. "Kifungue! Upesi!"

Plagi alikifungua, akakigeuza kiganjani. Kipini cha kuzibia njia hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, sawasawa kabisa.

Hapo ndipo mumewe mkunga, mwalimu, alipoingia na rundo la madaftari kwapani. Akaona kile kidude. Akasimama.

"Aa."

"Aa nini, baba watoto?"

"Ni mimi. Unakumbuka wale mapacha uliowazalisha? Gari linazima kila ukiondoa mguu, simu inalia, huyu mdogo wangu yuko safarini. Nikaulizia kwa simu, nikaambiwa kata kipini, gari litafika."

"Lilifika," mkunga akasema. "Wote wawili walilia. Lakini mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ninunue kingine wiki ile ile."

"Wiki ya mwaka gani, mwalimu?"

Plagi alishaondoka mbio kuelekea duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Alirudi anahema, akafunga kipya, akawasha ufunguo.

"Tak!" mkunga akapiga kelele. "Nimesikia! Tak!"

Lakini Plagi hakutaka sherehe za mapema. Wakapanda wote watatu, wakapanda mlima na kushuka mpaka injini ikachemka vizuri, wakarudi. Mkunga akashika ufunguo. Hakuna aliyepumua.

Akazima.

Kimya. Hata kikohozi kimoja!

Mkunga alimkumbatia mumewe, madaftari yakamwagika miguuni. Kisha akawasha, akazima. Akawasha tena, akazima, anacheka peke yake, hadi shemeji akamnyang'anya ufunguo.

"Utaniulia betri, wewe!"