Mbwa wa Tobia

Kwa kujalidi vitabu, mwanamke yule hakuwa na mpinzani, na mwenyewe alilijua hilo vizuri mno. Wateja walimwita Fundi, naye akaitika kwa raha zake. Kitabu kilifika kwake hoi, kurasa zinapukutika, kikatoka kimekaza mgongo kama askari wa gwaride. Kasoro yake ilikuwa moja: kiherehere cha kusahihisha yasiyomhusu.

Miaka tisa nyuma aliokoka, akahama kanisa la mama yake. Mwaka huohuo Biblia ya mama, Mkatoliki tangu kuzaliwa, ikaachia nyuzi, na mama akampa aishone. Fundi akaishona, tena kwa jalada jipya jekundu. Ila kwanza alivichomoa vile vitabu saba ambavyo Wakatoliki wanavyo na kanisa lake jipya halivitambui: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na wenzao. Alijiambia anamwokoa mama. Nani alimtuma? Mama aliipokea, akaipima mkononi, akaona imepungua. "Ahsante, mwanangu," akasema, basi. Fundi hakumwona tena akiifungua.

Sasa mama alikuwa amesahau karibu kila kitu. Alisahau kilipo choo, akasahau jina la marehemu mumewe, na tangu mwezi uliopita alimsahau na Fundi. Alimwita "dada", kwa adabu ile anayopewa mgeni. Swali moja tu lilibaki. Kila asubuhi aliketi kitandani, akauliza, "Mbwa amefika?"

"Mbwa gani, Mama? Hatujawahi kufuga mbwa," Fundi alijibu mpaka akachoka.

Mdogo wake wa kiume, aliyebaki kanisani kwa mama, ndiye aliyeng'amua. "Dada, si yule wa Tobia? Mama alikuwa anatusomea. Wewe ndiye ulikuwa unajifanya mbwa."

Fundi akakumbuka. Kwenye kitabu cha Tobiti, kijana Tobia amesafiri mbali na wazazi wake wameshakata tamaa. Siku anaporudi, mbwa aliyefuatana naye anatangulia mbio nyumbani, anatikisa mkia. Utotoni, mama akifika hapo, Fundi alizunguka meza mbio, mkono mmoja nyuma ukipepea. Mama alifunga kitabu na kusema, "Mbwa akishafika, mwanangu yuko nyuma yake." Kisha akamvuta kifuani. Labda akiyasikia maneno yale atanijua, Fundi aliwaza. Hata kwa dakika moja tu. Hakutaka zaidi ya hapo.

Mdogo wake akaleta Biblia mpya ya Kikatoliki, yenye vitabu vyote. Fundi akasoma taratibu. Tobia akarudi, mbwa akafuata nyuma.

"Na mkia?" mama akauliza.

Fundi akapitisha kidole kwenye mstari mara tatu. Mkia haukuwepo.

"Nilimuuliza katekista," mdogo wake akasema kwa sauti ya chini. "Tafsiri hii imefuata Kigiriki. Ile ya Mama ilifuata Kilatini, na mkia uko kwenye Kilatini."

"Huyo mbwa mwingine," mama akasema, akageukia ukutani.

Walitafuta wiki nzima, kwa masista, kwa wazee wa parokia, kwenye makabati ya watu. Nakala za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa au hazijulikani zilikokwenda. Na Fundi alijua fika kurasa za mama zilikokwenda, ila alikuwa akijitia hamnazo. Fundi wa vitabu hatupi karatasi. Huikata vipande vyembamba, akavigandisha kwa gundi ndani ya migongo ya vitabu vingine ili ishike vizuri. Mwaka ule alikuwa amejalidi vitabu sitini vya nyimbo vya kanisa lake jipya. Kwa hiyo walokole wale wote, pamoja na mchungaji wao mkali, walikuwa wamemshika Tobiti mikononi miaka tisa, wakiimba. Siku nyingine Fundi angecheka.

Alimwambia mchungaji vitabu vinahitaji marekebisho, akavibeba vyote kwenye magunia. Akavipasua migongo kimoja kimoja kwa kisu, kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikuta vita vya Wamakabayo, akakuta mawaidha ya Sira. Kwenye kitabu cha arobaini na moja akakuta kipande cha upana wa vidole viwili, gundi imekigeuza rangi ya chai. Kila mstari ulikatwa nusu, lakini mbwa alikuwemo, na mkia wake. Palipokatika alijazia kwa kumbukumbu.

Hakunawa hata mikono. Alisimama mbele ya kitanda, akasoma, na alipofika kwenye mkia, akapeleka mkono nyuma, akaupepea, mtu mzima na mvi zake.

Uso wa mama ukachangamka. Ukawa ule uso wa zamani, wote.

"Amefika!" akasema. "Mwanangu yuko nyuma yake!"

"Ni mimi, Mama. Ndimi mwanao."

Mama alikuwa amenyoosha shingo, akichungulia nyuma ya Fundi.

"Sogea kidogo, dada," akamwambia kwa upole. "Umeziba mlango."