Amplifaya Chini ya Baba Mkwe

Kwa miaka miwili baba mkwe alimwita "fundi", basi. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na fundi wa redio za magari, na kwa mzee aliyezeekea kwenye pikapu ya kubeba matofali, kufunga spika haikuwa kazi, ni makelele tu. Kwa hiyo asubuhi ile pikapu ile ile ilipoingia kwenye uwanja wa karakana, fundi alidondosha bisibisi.

"Redio haisikiki," alisema mzee. "Injini inaimeza. Nataka nisikie habari nikiwa naendesha."

"Tutakufungia amplifaya ikuze sauti, baba."

"Usiiweke mbele ya macho yangu. Na huko nyuma kwenye matofali usithubutu."

Kikabaki chumba cha dereva tu, kidogo kama kabati la viatu. Kiti kilikuwa kimoja kirefu, nyuma yake hapapiti hata kiganja. Fundi alitoa jeki chini ya kiti, akapima: vidole vinne. Amplifaya ilikuwa vidole vitatu. Akajaribu kukaa, kiti hakikuigusa. Lakini fundi mwenyewe alikuwa mwembamba kiasi cha mkewe kusema suruali zake zinashikiliwa na dua, ilhali mzee alikuwa pande la mtu. Akipanda, gari linainama upande wake.

Angekuwa mteja mwingine, fundi angemwambia, "Hebu kaa tupime." Sasa utalalaje chini, uchungulie makalio ya baba mkwe, umwambie akandamize kidogo? Haya zilimshika. Akakaza bolti, akamwachia Mungu.

Mzee akapanda, akafungulia redio. Sauti ilijaa uwanja mzima. Akatabasamu! Fundi hakujua kama yale meno yapo.

"Acha nisikilize mpaka mwisho," alisema mzee.

Kwenye hali ya hewa alisogea kushoto. Kwenye bei za mazao akasogea kulia. Ilipofika michezo alikuwa ameegemea mlango, upande mmoja ameunyanyua, jasho linamtiririka.

"Sauti imezidi, baba?"

"Sauti iko sawa."

"Labda joto?"

"Kidogo."

"La wapi, baba?"

Mzee alikitazama kioo cha pembeni. "Huku," alisema. Halafu uvumilivu ukamwisha, akaruka nje ameshika suruali kwa mikono miwili, na harufu ya sponji iliyoungua ikamfuata.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka miwili ya kujipendekeza, na leo amemchoma mkwewe makalio! Alizima redio, akaona heri aseme ukweli.

"Kosa ni langu, baba. Nilipima kiti kitupu. Umekikalia, kimeshuka, amplifaya imekosa hewa, ikapata moto. Niliona haya kukwambia ukae nichungulie."

Mzee aliendelea kujipapasa. "Mimi naungua tangu hali ya hewa," alisema hatimaye. "Nikaona haya kukwambia."

Wakatazamana. Mzee ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia bodi ya gari asianguke, na fundi akacheka kwa woga kwanza, kisha kwa kweli.

Safari hii walipima inavyotakiwa. Mzee alikaa, fundi akalala chali, mkono chini ya kiti.

"Kandamiza, baba."

"Nimekandamiza."

"Unajizuia, baba. Jiachie."

Mzee akajiachia. Haikubaki nafasi ya kupitisha hata karatasi, na fundi alichomoa vidole vyake kwa shida.

Palibaki pahala pamoja tu: upande wa abiria, pale miguu inapokaa. Fundi alipima mara mbili, akasita.

"Hapa inaenea, baba. Ila atakayekaa atakunja magoti mpaka kidevuni."

Mzee alifikiri. "Mama yako hapandi, anasema linamtikisa. Nani mwingine wa kukaa hapo kama si wewe?"

Bisibisi ilisimama hewani. "Mimi, baba?"

"Huo mtambo ukizima njiani nitaushika wapi? Funga, kisha upande. Matofali hayajipakii."

Fundi alifunga. Alifunga na karakana, mchana kweupe, wateja wawili wakimwita. Akapanda na miguu yake mirefu, magoti yakambana mbavu, spika ikimpigia kelele sikioni, shingo imepinda. Kila shimo la barabarani lilimgongesha kidevu. Hajawahi kukaa pahala pazuri kama pale.